Kutoka Feltham hadi Montreux: kuzifuata nyimbo za Freddie Mercury

Ijumaa usiku, Reading

Shemegi ameingia juzi kutoka Unguja na baridi ya Oktoba imeshamshika mafua. Likizo yangu ya wiki nzima nilishaipangia kazi kabla hajaja: tuzifuate nyimbo za Freddie Mercury kule zilikotengenezwa, tuzisikilize palepale, kisha tubishane ipi na ipi ndiyo bora. Sharti ni kwamba wimbo hausikilizwi kabla hatujafika mahali pake. Amekubali upesi kuliko nilivyotegemea. Yeye ni mpiga fidla, taarab ameianza kijana, na roki kwake ni makelele ya wazungu wenye nywele ndefu. Ila kwa huyu mmoja ana udhuru.

"Huyu mtoto wa Mji Mkongwe," anasema. "Makelele yake tutayavumilia."

Kweli ni wetu. Freddie, jina lake la kuzaliwa Farrokh Bulsara, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, katika hospitali ya serikali, wazazi wake Waparsi wenye asili ya Gujarat, baba yake keshia wa Mahakama Kuu chini ya Waingereza. Shemegi anasema kila mtembeza watalii pale mjini ana nyumba yake ya Freddie, na zote ni za kweli kwa anayelipa. Tangu 2019 ipo makumbusho yake Shangani, barabara ya Kenyatta. Anakumbuka pia ile rabsha ya 2006, watu walipotaka kumfanyia sherehe ya kutimiza miaka sitini tangu azaliwe, wengine wakapinga kwa ajili ya maisha aliyoishi, sherehe ikafutwa. Hatukulijadili sana hilo. Akili yetu ilikuwa kwenye nyimbo, na Unguja hakuwahi kurekodi hata mmoja. Alipelekwa bweni Panchgani, India, akiwa na miaka minane, huko ndiko alikopiga piano kwenye bendi ya wanafunzi iliyoitwa The Hectics. Akarudi nyumbani 1963, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia ikahamia Uingereza.

Kwa hiyo tunaanzia walikotua.

Jumamosi, London

Feltham iko karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, karibu kiasi kwamba mazungumzo yanakatika kila ndege inapopita juu ya paa. Gladstone Avenue namba 22 ni nyumba ndogo iliyoungana na jirani, ina kibao cha buluu cha ukumbusho kilichowekwa 2016. Shemegi aliitazama muda mrefu.

"Unguja walikuwa na yaya na watumishi," akasema. "Wakaja hapa."

Kijana wa miaka kumi na saba, kafanya vibarua Heathrow, kasoma sanaa Isleworth kisha Ealing akamaliza 1969, kutwa akichora picha za Jimi Hendrix. Tukapanda treni kwenda Waterloo, na toka hapo tukatembea hadi Soho. St Anne's Court ni kichochoro tu, unaweza kukipita bila kujua. Hapo ndipo ilipokuwa studio ya Trident. Queen, bendi yake, hawakuwa na pesa ya kulipia saa za mchana, wakawa wanaingia saa ambazo wenye majina wameshatoka, usiku wa manane mara nyingi. Albamu ya kwanza ilitoka hivyo, 1973.

Nilichokichagua kwa kichochoro hiki ni "The March of the Black Queen", cha albamu ya pili, 1974. Najua orodha nyingi huanza na "Killer Queen", ulioshika nafasi ya pili Uingereza mwaka huohuo, na ni wimbo mzuri, umenyolewa vizuri, hauna hata neno la ziada. Lakini "March" ndio unaokuonyesha mtu anayetafuta. Dakika sita na nusu, mwendo unabadilika ovyo ovyo, sauti zimerundikwa juu ya sauti mpaka hujui mwimbaji ni nani na kwaya ni nani. Tuligawana hedifoni, sikio moja moja, tumeegemea ukuta huku watu wanapita na vikombe vya kahawa. Ulipokwisha shemegi akakunja uso.

"Huyu ana nyimbo tano, kazitia kwenye mfuko mmoja."

Nikamwambia aishike hiyo kauli mpaka kesho.

Kensington tulipita tu. Garden Lodge, nyumba aliyoinunua 1980 na kufia humo tarehe 24 Novemba 1991, imezungukwa na ukuta mrefu wa matofali na hakuna cha kuona. Vitu vyake viliuzwa kwa mnada Sotheby's, Septemba 2023. Piano yake ya Yamaha, ambayo alitungia nyimbo zake nyingi nyumbani, ilikwenda kwa zaidi ya pauni milioni 1.7. Hata lile lango la bustani lililojaa maandishi ya mashabiki liliuzwa. Shemegi aliuliza kama mnunuzi wa piano anajua kupiga. Sikuwa na jibu.

Wembley tulifika jioni. Uwanja wa zamani ulishavunjwa, huu wa sasa ulifunguliwa 2007, kwa hiyo unachokitazama ni ardhi tu. Juu ya ardhi hii, 13 Julai 1985, Queen walipewa kama dakika ishirini kwenye tamasha la hisani la Live Aid, wakazitumia kuwafunika wote waliopanda jukwaa siku ile. Watu husifu makofi ya "Radio Ga Ga", maelfu ya mikono kwa mpigo mmoja, na ni sawa. Mimi lakini Wembley niliipa "Somebody to Love", kwa sababu ya tarehe nyingine: 20 Aprili 1992, tamasha la kumkumbuka, ambapo wakubwa wa muziki walipanda mmoja mmoja kuimba nyimbo za marehemu. Hapo ndipo dunia ilipojua zilivyo nzito. Wengi walizikwepa noti za juu, wengine walipiga kelele mahali pa kuimba. Aliyesimama imara ni George Michael na "Somebody to Love", na hata yeye unamwona kwenye picha amekaza kila mshipa wa shingo.

Basi tukausikiliza wa mwenyewe, wa 1976. Freddie alimpenda mno mwimbaji Aretha Franklin, akataka kwaya ya kanisa la Wamarekani weusi. Kwaya hiyo hakuikodi. Yeye na wenzake wa bendi, Brian May na Roger Taylor, waliimba tena na tena, tabaka juu ya tabaka, watu watatu wakawa kanisa zima. Sikiliza pale vyombo vinaponyamaza, sauti zinabaki zenyewe, zinaanza chini kabisa na kupanda moja baada ya nyingine kila zinaporudia maneno yaleyale. Shemegi hakusema kitu. Akanyosha kidole kwamba nirudishe. Nikarudisha.

"Hapa hakutia nyimbo tano mfukoni," akasema mwishowe. "Hapa kajua anataka nini."

Jumapili, Rockfield, Wales

Gari yangu ina redio mbovu inayojiwasha, na ndiyo iliyovunja sharti. Tuko kwenye barabara kuu ya M4, mbele ya Swindon, ikapiga "Don't Stop Me Now". Ni wimbo wa kuendeshea gari kwa hatari. Piano, besi na ngoma ndiyo mwendo wote, gita linangoja mpaka katikati, sauti imetangulia mbele kama mtu anayekimbia mteremko. Ulipotoka 1979 ulifika nafasi ya tisa tu Uingereza. Siku hizi uko kwenye kila harusi. Shemegi alikuwa ameshika mkanda kwa mikono miwili. "Shemegi, umesikia mwenyewe hataki kusimamishwa, lakini wewe punguza."

Tulivuka daraja la Severn, tukaingia Chepstow, tukafuata bonde la mto Wye, majani ya miti yamegeuka rangi ya manjano na kahawia, magofu ya monasteri ya Tintern kulia kwetu hadi shemegi akaomba tusimame apige picha. Rockfield yenyewe ni kijiji kidogo nje kidogo ya Monmouth. Studio ilianzishwa na ndugu wawili wa familia ya Ward kwenye shamba lao la ng'ombe, wanamuziki wakawa wanalala hapohapo na kurekodi. Bado inafanya kazi. Hatukuwa na miadi, tukabaki nje ya uzio, matope mpaka kwenye kifundo cha mguu, harufu ya zizi ikitoka upande usiojulikana.

"Bohemian Rhapsody" ulianza kurekodiwa hapa 24 Agosti 1975. Mmoja wa akina Ward amesimulia jinsi Freddie alivyokuwa akiumalizia kwenye piano kuukuu iliyowekwa chumba cha kuhifadhia hatamu na matandiko ya farasi. Fikiria hapo. Kazi haikuishia Rockfield, ilizungushwa kwenye studio nyingine nne, na ile sehemu ya kati ya opera ilichukua kama wiki tatu, watatu walewale wakiimba saa kumi hadi kumi na mbili kwa siku. Utepe wa wakati ule ulikuwa na njia ishirini na nne tu za sauti. Zikijaa, wanazikusanya zote, wanazihamishia sehemu moja, wanaanza kujaza upya. Utepe ukapita kwenye mashine mara nyingi hata ukachakaa, mtu akiuinua mbele ya taa anaona upande wa pili.

Wakubwa wa kampuni ya santuri waliogopa urefu wake, dakika tano na sekunde hamsini na tano, redio gani itapiga? Mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio akaupiga mara kumi na nne mwisho wa wiki mmoja. Ukakaa nambari moja wiki tisa, na alipofariki ukarudi nambari moja wiki tano nyingine.

Shemegi alikuwa hajawahi kuusikiliza toka mwanzo hadi mwisho. Aliposikia Bismillah alicheka peke yake, mimi nikanyamaza, hilo halikutaka mfasiri baina yetu. Alichokitolea hoja ni kitu kingine kabisa.

"Hauna kiitikio."

"Hauna."

"Dakika sita, hajarudi nyuma hata mara moja, na watu wanaujua wote kwa moyo. Mimi nikimpelekea mtu wimbo wa taarab usio na kiitikio atanitoa klabuni." Akafikiri kidogo. "Zile nyimbo tano za jana. Humu nazo ni tano. Lakini safari hii kazishona."

Nikamwambia ndiyo maana nilitaka aanze na "March". Kati ya 1974 na 1975 mtu alijifunza kushona. Kwenye karatasi ya kazi iliyouzwa kule Sotheby's inaonekana alikuwa ameandika kwanza "Mongolian Rhapsody" akakata. Maandishi mengi, mikato mingi. Anayedhani wimbo ule ulimshukia tu usingizini aziangalie zile karatasi.

Hata hivyo, na hapa najua nitagombana na wengi, si wimbo wake bora. Ni kazi yake kubwa kuliko zote, lakini mwimbaji amejificha nyuma ya jengo alilolijenga. Albamu hiyohiyo ina "Love of My Life", na tulipanda kilima kidogo nyuma ya kijiji kuusikiliza, wa studio kwanza, wenye piano na kinubi ambacho Brian May alikirekodi kipande kwa kipande kwa sababu hakuwa mpigaji wa kinubi. Halafu nikampigia ule wa jukwaani: gita moja, sauti moja. Uwanjani Amerika ya Kusini, 1981, na tena Rio Januari 1985, watu waliokuwa hawazungumzi Kiingereza nyumbani kwao waliuimba wote, naye akawaachia, akabaki anawaongoza kwa mkono. Freddie mwenye uwezo wa kuufunika uwanja mzima amesimama anasikiliza.

"Huyo sasa ndiye mwimbaji," shemegi akasema.

Mvua ikatukimbiza.

Jumatatu, angani

Siku ya foleni. Uwanja wa ndege walimnyang'anya shemegi chupa ya achari ya embe aliyoibeba toka Unguja kwa ajili ya njiani. Afisa akaiinua, akaitikisa, akasoma kijikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu "pilipili nyingi", akaitupa kwenye pipa. Shemegi hakuzungumza mpaka Munich.

Jumanne, Munich

Asubuhi tukapanda treni ya chini ya ardhi, laini ya U4, mpaka kituo cha mwisho, Arabellapark. Jengo refu la zege, dirisha juu ya dirisha, na chini yake, kwenye vyumba vya ardhini, ndipo ilipokuwa studio ya Musicland. Hakuna cha kupendeza. Freddie aliupenda mji huu kwa sababu ya usiku wake, na miaka ya 1979 hadi 1985 alikuwa akija na kurudi. Si miaka yote iliyozaa matunda. "Hot Space" ya 1982 imeibiwa nguvu na mashine za disko, nimejaribu kuipenda nimeshindwa. Lakini mji huu ulitoa wimbo mmoja ambao hauna mafuta hata kidogo.

Kwa ajili yake tulikwenda mjini, Promenadeplatz, mbele ya hoteli ya Bayerischer Hof. Tukakuta mishumaa, maua na picha zimezunguka sanamu, shemegi akadhani ni za Freddie. Ni za Michael Jackson! Mashabiki wake wameiteka sanamu ya mtunzi wa zamani Orlando di Lasso, wakaifanya kumbukumbu yao, maana Jackson naye alikuwa akifikia hoteli hiyo. Tukampa heshima zake tukageukia mlangoni.

Ndani ya hoteli hii, 1979, Freddie alikuwa bafuni anaoga, "Crazy Little Thing Called Love" ukamjia. Akaletewa gita. Mwenyewe alisema baadaye kwamba ulimchukua dakika tano au kumi, na kwamba kutojua gita kulimsaidia: alijua kushika noti chache tu, hakuwa na pa kujitanua. Wakaurekodi haraka Musicland na fundi wao Mack, mtindo wa Elvis, nyayo na makofi. Marekani ukashika nambari moja kwa wiki nne mwanzoni mwa 1980.

Tuliusikiliza tumekaa kwenye benchi la mbao, tramu zinapita. Yule aliyeshona opera kwa wiki tatu na nyimbo za dakika sita anaimba dakika mbili na ushei, sauti ya chini, ya puani, anatania. Anajizuia. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kukubali jambo nililokuwa nalikataa tangu Rockfield: nyimbo zake ninazozirudia zaidi ni zile ambazo kitu fulani kilimbana. Huku ni ufinyu wa vidole. Kule Wembley ilikuwa ni kwaya isiyokuwepo.

Shemegi alitikisa mguu wimbo mzima, kisha akakana kwamba alitikisa.

"Living on My Own" wa albamu yake binafsi ya 1985 nao ulitoka mji huu, na ulipochanganywa upya na kutolewa 1993, yeye ameshafariki, ndio uliofika nambari moja Uingereza. Tuliupa nusu usikivu tukitafuta chakula. Haumo kwenye orodha yangu.

Jumatano, kwenye treni

Munich hadi Zürich, Zürich hadi Lausanne, Lausanne hadi Montreux, siku nzima dirishani. Ziwa la Bodensee lilipita upande wa kulia, kijivu tupu. Nilichukua nafasi hiyo kumpigia "Barcelona", ambao haukuwa na kituo kwenye safari yetu.

Freddie alimsikia mwimbaji wa opera Montserrat Caballé jukwaani London 1983 akapagawa. Wakakutana Barcelona 1987, akampelekea wimbo, na kwenye kanda ya majaribio aliiimba yeye mwenyewe sehemu ya mwanamke kwa sauti nyembamba ili Caballé aone anachokitaka. Watu wa roki walimcheka. Watu wa opera walimcheka. Wimbo ukaingia kumi bora Uingereza, na 1992, mwaka wa Olimpiki ya mji huo, ukarudi tena bila yeye.

Mimi naona umezidi, orkesta nzito, kila kitu kimepambwa. Shemegi alifunga macho toka fidla ya kwanza, na nikajua nimempoteza. Alianza kunihesabia mahali fidla zinapomjibu mwimbaji na mahali zinapomwacha apumue, kidole chake kikipiga kwenye meza ya kukunja. "Hawa wanajua kumngoja mwimbaji," akasema. "Bendi yake ile nyingine haimngoji mtu."

Tulibishana mpaka Zürich. Ubishi ukahamia kwenye jambo kubwa zaidi. Nilitaka orodha iwe ya nyimbo alizozitunga Freddie mwenyewe, basi. Nilikuwa na sababu: "Another One Bites the Dust" ni wa John Deacon, mpiga besi wao, "Radio Ga Ga" ni wa Roger Taylor, "The Show Must Go On" kwa sehemu kubwa ni wa Brian May. Shemegi akanicheka waziwazi.

"Kwetu mtunzi ni mmoja, mwimbaji mwingine, na anayetunzwa noti ukumbini ni nani? Bi Kidude kaimba nyimbo za Siti binti Saad maisha yake yote, wewe umemsikia mtu anasema si zake?"

Nikazikubali. Sikuwa na la kujibu.

Alhamisi, Montreux

Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye maji, milima ya ng'ambo haionekani, mabata maji yanatokea na kupotea. Sanamu ya shaba iko palepale ukingoni mwa ziwa, kazi ya Irena Sedlecká, ilizinduliwa Novemba 1996 na Caballé akiwepo. Mkono mmoja juu, mguu mmoja mbele. Kwenye msingi kulikuwa na maua ya plastiki, barua iliyotiwa kwenye mfuko wa nailoni na ndizi moja, nani aliiweka na kwa nini sijui. Shemegi akasema angejua angebakisha achari.

Ndani ya jengo la kasino ndipo ilipokuwa Mountain Studios, ambayo Queen waliinunua 1979. Sasa ni maonyesho, kiingilio bure, na katika mji huu ambao kikombe cha chai kilinifanya nisome bei mara mbili, bure ni neno zuri. Ukuta wa nje karibu na mlango umejaa kalamu za mashabiki kila lugha. Shemegi alitafuta Kiswahili, hakukiona, akaomba kalamu. Aliandika "Unguja tumefika" na tarehe.

Hapa ndipo "Under Pressure" ulipozaliwa, 1981. Mwimbaji David Bowie alikuwa akiishi hapa Uswisi, akapita kuwasalimu, wakacheza usiku kucha. Ule mstari wa besi wa Deacon, noti chache zinazojirudia, ndio msumari unaoshikilia yote. Freddie anapanda juu bila maneno, anaimba sauti tupu, Bowie yuko chini anazungumza na wewe. Nambari moja Uingereza. Sina la kubishana na wimbo huu.

Lakini nilikuja kwa ajili ya miezi ya mwisho. Mwaka 1991 Freddie alikuwa anaumwa sana, UKIMWI, na nje ya watu wake wa karibu hakukubali kusema mpaka siku moja kabla ya kufa. Albamu ya "Innuendo" ilikuwa imetoka. Alichokifanya baada ya hapo ni kurudi studio na kuwaambia wenzake wamwandikie chochote, ataimba, wao watamalizia vyombo baadaye. Brian May amesimulia juu ya "The Show Must Go On", uliorekodiwa kabla kidogo: yeye alihofia kama Freddie, ambaye kutembea kulikuwa tabu, ataziweza noti zile za juu. Freddie akapiga vodka, akaenda kwenye maikrofoni, akauimba. Sikiliza unavyopanda ubeti kwa ubeti, ngazi baada ya ngazi, na hapungui. Mtu mzima mwenye mapafu mawili mazima hawezi.

Nikampigia tukiwa tumekaa ndani, kwenye kiti cha ukutani, halafu "Mother Love", wa mwisho kabisa aliouimba, Mei 1991. Brian alikuwa anaandika mistari kwenye karatasi na kumpa mmoja mmoja, mashine ndogo ikipiga ngoma ya muda tu. Freddie aliimba beti mbili, akataka katikati iwe ya juu zaidi, akaenda juu hasa. Kabla ya ubeti wa mwisho akasema amechoka, atarudi kuumalizia. Hakurudi. Ubeti huo kwenye albamu ya 1995 anauimba Brian.

Mabadiliko ya sauti unayasikia waziwazi. Hawakujaribu kuyaficha, na hilo nalihesabu kuwa uamuzi bora wa studio katika kazi yao yote. Kwenye mitambo ya maonyesho mgeni anaruhusiwa kusogeza vidhibiti vya sauti mwenyewe. Shemegi aliteremsha gita, akateremsha kinanda, akateremsha ngoma, mpaka ikabaki sauti ya mtu peke yake. Akakaa hapo, kidole juu ya kile kidhibiti, nyuma yetu kuna mzee na mkewe wanangoja zamu, naye hasogei. Pumzi zinasikika. Kabla ya kila mstari anavuta hewa, fupi, na mstari unatoka mrefu kuliko hewa aliyoivuta.

"Hii pumzi haimtoshi," shemegi akasema. "Anaigawa. Tazama anavyoigawa."

Nilisema kule Munich kwamba nyimbo zangu ni zile ambazo kitu kilimbana. Sikuongeza neno.

Jioni, ukingoni mwa ziwa, tuliusikiliza "A Winter's Tale", aliouandika akitazama maji hayahaya. Ni mtulivu, hauna ubishi, baada ya "Mother Love" ulitufaa.

Ijumaa, Montreux kwenda Geneva

Treni ya asubuhi, ukungu umeondoka, milima yote iko wazi na hatuna muda wa kuiangalia. Tuliandika orodha nyuma ya risiti ya hoteli.

Tumekubaliana bila kelele juu ya "Somebody to Love", "Love of My Life" ule wa jukwaani, "Under Pressure" na "Mother Love". "Bohemian Rhapsody" niliuweka kwa heshima, yeye akauweka kwa ile hoja yake ya kiitikio, kwa hiyo umo. "Crazy Little Thing" nimeuingiza mimi, naye amesaini kwa masharti kwamba suala la mguu lisitajwe. "We Are the Champions" tuliutoa, viwanja vya mpira vimeshauchukua na havitaurudisha. "March of the Black Queen" nimeshindwa kuutetea, nimeupa nafasi ya pembeni.

Palipobaki ni pa kwanza. Mimi nimeandika "Somebody to Love". Shemegi ameandika "Barcelona" kwa herufi kubwa, akapigia mstari chini, akanirudishia kalamu. Nimemwambia achague wimbo ambao Freddie hakuzungukwa na fidla hamsini. Ameniuliza tatizo la fidla ni nini hasa, na tiketi zinakaguliwa.